Kichwa Kilichosukwa Nusu

Maiti ilikuwa imeketi.

Ilikuwa imeketi sakafuni juu ya mto, mgongo umeegemea miguu ya kiti cha plastiki, kichwa kimeinama mbele kama cha mtu anayengoja kumaliziwa kusukwa. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimesukwa mistari myembamba iliyoelekea kisogoni. Upande wa kushoto zilikuwa timutimu, hazijaguswa na kitana. Shingoni palikuwa na alama nyekundu, nyembamba na nyingi, zimepishanapishana. Mapajani mwa marehemu lililala fungu la rasta nyeusi, zile nywele za bandia za kusukia.

Inspekta Nadhira Basharahil wa polisi ya Jeddah alizitazama zile nywele kwanza, shingo baadaye. Sajini Abrar, mwanamke mwenzake, aliliona hilo na likamkera, lakini akaendelea kuandika. Alishamzoea bosi wake.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, katika chumba cha kupanga huko Bani Malik, ghorofa ya tatu, kiyoyozi kikidondosha maji ndani ya ndoo. Marehemu aliitwa Shirleen, Mkenya, mfanyakazi wa ndani wa familia moja ya Riyadh iliyokuja Jeddah kupanda ndege ya kwenda Ulaya. Mwenye chumba, Monicah, Mkenya vilevile, alikamatwa juu ya paa, nyuma ya matangi ya maji. Mkononi alikuwa na pakiti ya rasta za kahawia ambayo hakutaka kuiachia hata alipofungwa pingu.

Simu ya Nadhira ililia. Alikuwa Kanali, mkuu wake.

"Mwenye chumba hana karatasi. Marehemu kafia chumbani mwake. Kakimbia. Unataka nini tena?"

"Nataka aliyeua, Kanali."

"Unaye tayari. Jumapili jalada liende kwa mwendesha mashtaka."

Akakata. Kosa la kuua lina adhabu yake nchini humo, na hakuna asiyeijua. Nadhira aliirudisha simu mfukoni huku amekunja uso. Pale kazini walimwita "binti wa Mzanzibari" wakidhani hasikii, kwa sababu mama yake alizaliwa Unguja na baba alikuwa Mhadharami wa Jeddah. Yeye alisikia vizuri sana, na hakumsamehe hata mmoja wao.

Kituoni alimweka Monicah mbele yake, akamkazia macho.

"Jina lako nani?"

Mwanamke yule alizitazama pingu zake.

"Nakuuliza kwa Kiswahili ili unijibu kwa Kiswahili. Jina?"

Monicah alishtuka, kisha akanuna zaidi kuliko mwanzo. Karao wa Kiarabu ni balaa. Karao wa Kiarabu anayeelewa kila unachonong'ona ni balaa maradufu.

"Monicah."

"Ikama, kibali cha kuishi, unayo?"

"Sina."

"Umeipoteza au umemtoroka kafili wako, bosi aliyekudhamini?"

"Unajua tayari. Mbona unauliza?"

"Nataka nisikie namna unavyosema kweli, niweze kuijua utakapoanza uwongo. Ulikuwa unamsuka Shirleen?"

"Ndiyo. Alitaka asukwe kabla ya safari. Nikafika katikati, akasema anataka braids za brown pale mbele, zionekane kwa picha. Si anaenda Ulaya? Nikashuka kununua."

"Ukakawia."

"Duka lilikuwa limefungwa, wako kwa sala. Nikangoja wafungue. Niliporudi nilimpata vile mlimpata."

"Na mlango?"

"Niliurudisha tu. Hiyo jengo yote ni watu wetu."

"Kwa nini ulikimbia?"

Monicah alicheka bila furaha. "Aki wewe ungekuwa mimi, bila ikama, na maiti kwa nyumba, ungewangojea na chai?"

"Nani alijua kuwa yuko kwako?"

"Labda watu wa kwao kazini. Mimi sijui. Andika tu ni mimi. Si mmeshaamua? Halas, basi."

Nadhira hakuandika. Aliondoka akiwa hamwamini, na akiwa na hasira kwa sababu alianza kumwamini.

*

Jioni ile Madam Mudhi, mwajiri wa Shirleen, alimpokea katika jumba la kupanga upande wa kaskazini, karibu na bahari, akiwa katikati ya masanduku ya safari. Hakuinuka.

"Ndege yangu ni Jumapili jioni," alisema, kabla hata ya salamu kumalizika.

"Mfanyakazi wako ameuawa."

"Mungu amrehemu. Nimesikitika sana. Lakini viza hizi nimezihangaikia tangu majira ya baridi, na watoto wamelia mwaka mzima wakitaka Vienna."

"Nani aliipanga safari?"

Hapo Madam alichangamka kidogo. Shirleen aliipanga yote, alisema, kwa kuwa alisomea utalii kwao kabla ya kuja kufagia nyumba za watu. Siku kumi Vienna. Na siku moja kati ya hizo, kuvuka mpaka kwenda Bratislava, asubuhi na kurudi jioni. Treni ni kama saa moja tu. Kasri juu ya kilima, mto chini yake, mji wa kale wa kutembea kwa miguu, chakula cha mchana, kurudi.

"Alikuwa akisema, miji miwili ya wafalme, nchi mbili, siku moja. Na raha kuliko zote, hakuna mtu mpakani wa kukupotezea muda na mambo ya pasi. Unapita tu."

"Unapita tu," Nadhira akarudia.

"Ndiyo."

Bibi huyu alikuwa hajayasikia maneno yake mwenyewe.

"Hukuogopa kwamba angetoroka huko?"

"Najua namna ya kuwafunga watu wangu," Madam alisema, akafunga zipu ya sanduku. "Sasa atakwenda Jerusha badala yake. Nilichukua viza za wote wawili, nikasema nitaamua mwenyewe wa kumchukua."

Jerusha mwenyewe aliingia wakati huohuo na birika la kahawa. Mwanamke mrefu, mkavu wa macho, amevaa glovu nyeupe za kitambaa. Alimimina, akamwelekezea mgeni kikombe.

"Mkono wa kulia!" Madam alimkemea. "Mara ngapi?"

Jerusha alikihamisha kikombe upesi, kahawa ikamwagika kidogo kwenye sahani.

"Na hizo glovu?" Nadhira aliuliza.

"Leo amejifunza adabu za hoteli," Madam alijibu badala yake. "Anajiandaa kwa Ulaya."

Nadhira alimfuata Jerusha hadi jikoni. Alimkuta amesimama tu mbele ya sinki, maji hayajafunguliwa.

"Leo mchana ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nanyoosha nguo za safari."

"Nani alikuona?"

"Nani hutazama mtu akinyoosha nguo?"

"Wewe na Shirleen mlikuwa marafiki?"

"Tulifanya kazi nyumba moja."

"Sikukuuliza hivyo."

"Na mimi ndivyo nimejibu, madam."

Nadhira aliondoka na ladha chungu mdomoni, na haikuwa ya kahawa. Katika nyumba ile hapakuwa na mtu aliyemlilia marehemu.

*

Jumamosi asubuhi daktari wa uchunguzi wa maiti alimwonesha shingo ya Shirleen chini ya taa.

"Amenyongwa kwa nyuma. Nyuzi za nailoni zimebaki kwenye ngozi. Kilichotumika ni lile fungu la rasta. Hakupigana sana. Aliyemnyonga alikuwa ameshakaa nyuma yake, na marehemu hakuwa na shaka naye."

"Nipe nafasi nitazame kichwa."

"Kichwa hakina jeraha."

"Nimekwambia jeraha?"

Daktari alisogea shingo upande. Nadhira aliinama, akapitisha vidole juu ya mistari, mmoja baada ya mwingine. Hapo alirudi utotoni bila kupenda. Mama yake, Bi Zuwena, alikuwa akiwasuka wanawake wa Kizanzibari na wa Kihadharami uani kwao mjini Jeddah, na Nadhira alikua akishika kitana na kusikiliza umbea. Alijifunza mapema kwamba mkono wa msusi ni wake peke yake. Mama angekutana na mwanamke arusini, akamtazama kisogo, akasema huyu kasukwa na fulani, na asikosee.

Mistari mingi kichwani mwa Shirleen ilikuwa imekazwa sawasawa, na ncha zake zilipinda kulia. Lakini miwili ya mwisho, ile ya karibu na utosi, ilipinda kushoto. Rasta ilikuwa imeingizwa kutoka upande mwingine. Hata kukaza kwake kulikuwa kwa namna nyingine. Ilikuwa kazi safi, lakini si ya yule aliyeanza.

Basi Monicah alisema kweli. Alishuka dukani, na nyuma yake akaja mtu mwingine. Mtu huyo hakuvunja mlango wala hakupiga kelele. Aliketi juu ya kile kiti cha plastiki, akapewa kichwa, akasuka. Mtu wa mkono wa kushoto.

Alimpigia Kanali.

"Nywele?" Kanali alisema. "Unataka niende kwa mwendesha mashtaka na nywele?"

"Nataka uniachie mpaka kesho."

"Ninakuachia mpaka hiyo familia ipande ndege. Baada ya hapo usinisumbue na mambo ya saluni."

*

Dereva wa familia aliitwa Protus, Mkenya wa Bungoma, mtu wa mabega mapana na sauti ndogo. Nadhira alimkuta akipanga masanduku nyuma ya gari.

"Jana ulimpeleka Shirleen Bani Malik?"

"Ndiyo, madam."

"Na nani mwengine?"

"Hakuna."

"Baadaye gari lilikuwa wapi?"

"Nilikuwa nalipeleka kuoshwa."

"Linavyoonekana, halijaoshwa tangu Riyadh."

Protus alilitazama gari kama ndiyo kwanza analiona. Vumbi la barabara kuu lilikuwa limelala juu ya boneti.

"Madam, mimi niko na watoto watatu. Mtu wa hii nyumba akitoka bila ruhusa ya bosi, anayefutwa ni mimi."

"Mie sijakuuliza habari za kufutwa. Niambie jambo moja ambalo halitakufukuzisha kazi. Kabla hamjatoka Riyadh, Shirleen alifanya nini ambacho si kawaida yake?"

Aliwaza. "Tulipita Batha, pale sokoni Riyadh. Alituma box nyumbani, kwa kago."

"Lina nini?"

"Vitu vyake. Lilikuwa zito. Jerusha ndiye alimsaidia kubeba."

Angeweza kuwapigia simu polisi wa Riyadh. Lakini Nadhira hakuwa na desturi ya kumtuma mtu mwingine akatazame kwa niaba yake, hasa mtu ambaye angeanza kwa kumcheka. Alipanda ndege ya kwanza aliyoipata, na alasiri alikuwa Batha, katikati ya simu za mitumba, mabasi ya kila upande na Wabangladeshi wenye mikokoteni wanaomtukana yeyote anayesimama njiani.

Duka la kago lilikuwa chini ya ngazi. Mfungaji wa mizigo alikuwa Mkenya mwembamba, Lewis, ambaye alipoona kitambulisho cha polisi aliinua mikono yote miwili.

"Mimi ni mfungaji tu."

"Box la Shirleen liko wapi?"

"Liko hapa. Kontena haijajaa, haijaenda."

"Lifungue."

Alilifungua. Ndani mlikuwa na nguo, viatu, leso zilizokunjwa, vyeti vya shule ndani ya mfuko wa nailoni, picha ya wazazi kwenye fremu. Na chini ya yote, ukiwa umebanwa ukawa bapa, mto wa kulalia.

Nadhira aliushika. "Wewe umefunga mizigo mingi. Mto unatumwa na nani?"

Lewis aliacha kuogopa kwa sababu swali lilikuwa la kazi yake. "Mtu wa final exit, madam. Anayeenda kabisa. Watu wengine wanatuma nguo, blanketi, sufuria. Lakini mto? Mto ni wa kulalia leo. Unautuma siku hutalala tena kwa hicho kitanda."

"Na huyu alikuwa anakwenda matembezi ya siku kumi."

"Hata yule mwenzake alishangaa. Aliupapasa, akauliza, na mto pia? Shirleen akacheka, akasema mito ya hoteli ni laini kuliko hii. Tukacheka."

"Wote?"

Lewis alikuna shingo. "Huyo mwenzake hakucheka."

*

Jumapili asubuhi Jerusha aliletwa kituoni akiwa amevaa tayari kwa safari: abaya mpya, viatu vya kutembelea, mkoba mdogo begani. Glovu nyeupe bado zilikuwa mikononi. Nadhira alimpeleka katika chumba cha mahojiano cha wanawake, akafunga mlango, akawasha kinasa sauti. Abrar alisimama pembeni.

Kisha Nadhira alifanya jambo ambalo Abrar hakuwahi kuliona katika miaka yote ya kufanya kazi pamoja. Alivua mtandio. Nywele zake zilikuwa fupi, nzito, za kipilipili, nywele za mama yake, ambazo pale kituoni hakuna aliyezijua. Aliweka juu ya meza kitana chenye mkia na fungu la rasta nyeusi. Akaketi sakafuni, akampa Jerusha mgongo.

"Kaa kwenye kiti. Nisuke."

"Mimi si msusi."

"Mistari miwili tu."

"Madam, mimi—"

"Vua glovu ukae."

Jerusha alivua glovu moja, kisha ya pili. Abrar, ambaye alimtazama uso kwa uso, aliziona alama: mikwaruzo myembamba iliyokata vidole kwa ndani, mibichi, myekundu. Mkono wake uliteremka kiunoni kwenye silaha. Nadhira alitikisa kichwa kidogo kumzuia.

Alikuwa ameketi vilevile alivyoketi Shirleen. Alilijua hilo, na aliogopa.

Jerusha alianza kwa mkono wa kulia, mkono wa Madam. Mstari ukaenda upogo. Akaufumua, akaanza tena, ukaenda upogo tena. Mara ya tatu vidole vilichoka kuigiza. Mkono wa kushoto ulichukua kazi, na kitana kikaanza kutembea.

"Nakuumiza?" Jerusha aliuliza, kwa mazoea.

"Endelea. Mtoto unaye?"

"Mmoja. Maryann."

"Mkubwa?"

"Nilimwacha hajatembea. Sasa yuko shule. Tukiongea kwa simu ananiita anti. Dada yangu ndiye anamwita mama."

"Na mkataba wako?"

"Uliisha mwaka jana."

"Mbona hujaenda kwenu?"

Vidole vilisita, vikaendelea. "Kafili asipotoa ruhusa, unatokaje? Nilimwomba Madam, akasema ngoja Ramadhani. Ikaisha. Akasema ngoja safari. Halafu akatuita jikoni, mimi na Shirleen. Akasema, watu wa kwenu wakifika Ulaya hutoroka. Akaninyooshea kidole. Akasema, wewe ndiye dhamana. Shirleen akirudi, unaenda kwenu. Asiporudi, utakaa hapa mpaka nikuchoke."

"Ukakubali?"

"Ningesema nini? Shirleen alisimama hapo akisikia. Usiku wake aliniapia, jina la Yesu, atarudi."

"Halafu ukauona mto."

Mikono ilisimama. Rasta ilikuwa imeshikwa nyuma ya shingo ya Nadhira, na kwa muda mfupi ilikazika. Abrar alipiga hatua. Nadhira hakugeuka.

"Nani alikuambia?"

"Nimekwenda mwenyewe Batha. Endelea kusuka."

Na Jerusha aliendelea, kwa sababu mikono yake ilihitaji pa kukaa.

"Njia yote kutoka Riyadh nilimwuliza. Akasema niache wivu. Ijumaa nikamwambia Protus anipeleke kwa Monicah, nimesahau kumpa Shirleen kitu. Nikampata peke yake. Alifurahi kuniona. Akasema, afadhali umekuja, hebu nifanyie huu mstari Monicah akirudi apate tumeenda mbele. Nikakaa. Nikamsuka. Nikamwambia, nieleze Bratislava vile umeipanga."

"Akakueleza?"

"Alipenda sana kueleza. Ungemsikia ungedhani ameshafika. Asubuhi kwa treni, yeye anamshika mtoto mdogo mkono, Madam anamshika mkubwa. Wanapanda kwa kasri. Wanakula. Wanatembea kwa zile barabara za mawe. Nikamwuliza, na kurudi? Akasema, kurudi Madam anawashika wote wawili."

Alichomoa rasta nyingine, akaiongeza kwenye mstari.

"Nikamwuliza, na wewe mikono yako iko wapi? Akanyamaza. Ndipo nikajua. Nikamwambia, Shirleen, Maryann. Nilisema hilo jina tu. Na yeye, bila hata kugeuka, akasema, Jerusha, kila mtu na maisha yake. Hata wewe ungekuwa mimi, ungeenda."

"Hilo ndilo lililokuuma?"

"Ni kweli, madam. Ndiyo sababu. Ningeenda. Ningemwacha yeye, ningemwacha kila mtu." Alishusha pumzi. "Rasta zilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kuvuta. Nakumbuka nikimaliza."

Mstari wa pili ulifika kisogoni. Jerusha aliufunga ncha, akaulaza kwa kiganja, kama afanyavyo msusi yeyote anapomaliza. Ulipinda kushoto.

Nadhira aliinuka, akajifunga mtandio. "Jerusha, nakukamata kwa kosa la kumuua Shirleen," alisema.

Protus, alipoambiwa kwamba Jerusha amekiri, alikiri naye kabla ya kuulizwa. Alimpeleka Jerusha Bani Malik, akamngoja chini ya jengo. Jerusha aliporudi, alikuwa ameificha mikono ndani ya abaya, na akamwomba wapitie duka la glovu.

*

Madam Mudhi alifika adhuhuri akifoka. Masanduku yalikuwa garini, watoto wanalia, na ni nani huyu mwanamke anayejifanya kumzuia mtu wa heshima kusafiri?

"Wewe ni shahidi," Nadhira alimwambia. "Huendi popote. Ulimfanya Jerusha dhamana ya mwenzake?"

"Yale?" Madam alipunga mkono. "Yalikuwa maneno tu. Ukiwaachia, watu hawa wanakupanda kichwani. Nilitaka washikane wenyewe kwa wenyewe, nisihangaike mimi."

"Na ruhusa yake ya kurudi kwao?"

"Ilitoka. Tena kabla hatujaondoka Riyadh." Alifungua simu yake, akapekua, akamsogezea. Kwenye kioo ilikuwapo picha ya Jerusha, jina lake, na ruhusa ya kutoka nchini moja kwa moja, ambayo muda wake ulikuwa bado haujaisha. "Nani alikuambia mimi ni dhalimu?"

Nadhira aliitazama ile picha mpaka kioo kikajizima. "Kwa nini hukumwambia?"

"Mfanyakazi akijua anaondoka anafanya kazi nusunusu. Nilikuwa nimwambie tukirudi."

Nadhira aliichukua simu bila kuomba. Madam alipaaza sauti, Kanali akatoka ofisini kwake, lakini yeye alishafika mlango wa mahabusu. Alikuwa amefikiria kumficha. Kisha akaona kwamba watu hawa wamefichwa vya kutosha. Akaiinua simu mbele ya nondo.

Jerusha alisoma polepole. "Huyu ni mimi?"

"Ndiyo."

"Hii ni ya kwenda nyumbani?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa imetoka Ijumaa?"

"Ilikuwa imetoka."

Jerusha alisema "aki" mara moja, taratibu, kisha akakaa chini na kulia kwa sauti, kilio cha matanga, ambacho kilisikika mpaka kaunta na kumfanya Kanali arudi ofisini na kufunga mlango.

Katika chumba cha pili, Monicah alikuwa amesimama. Nadhira alimfungulia.

"Kesi ya mauaji huna tena. Lakini ikama huna pia. Unapelekwa wanakopelekwa wasio na karatasi, halafu kwenu."

"Nyumbani? Kenya?"

"Kwenu."

Monicah aliutazama ule mlango wa jirani kilikotoka kilio. "Kwa hivyo kati yetu wote," alisema, "mimi ndiye naenda." Hakuonekana kufurahi, wala Nadhira hakumtazamia afurahi.

Alasiri hiyo Nadhira alikwenda kwa mama yake, akaketi sakafuni bila kuvua viatu. Bi Zuwena alimtoa mtandio, na vidole vyake vizee vikaigusa ile mistari miwili.

"Nani kakusuka, mwanangu?"

"Mtu wa kazini."

"Wa kushoto huyu. Lakini ana mkono mzuri! Mwambie aje anisuke na mie."

"Mama, nifumue."

"Kazi nzuri hivi?"

"Nifumue," Nadhira alisema, na alikuwa tayari analia. Bi Zuwena hakuuliza tena. Alichukua kitana, akaanza kufumua kutokea nchani.